Karatasi Niliyosema Nimeisoma

Jumatatu, 3 mwezi wa sita

Mvua ya asubuhi. Tulianza kuchuma saa mbili ilipokatika. Mimi vikapu viwili, Rael kimoja na nusu. Sijawahi kushindwa na bibi yangu kwa chai, na nina miaka sabini na nne. Yeye alichelewa akikamua. Lakini bado.

Lori la kiwanda lilichelewa. Kituoni, tunapopimia chai, watu wakaanza tena kesi ya Mheshimiwa Kibet, mwakilishi wetu wa wadi. Amekaa jela miezi kumi sasa. Alifungwa kwa kuchochea watu wachome mashine za kuchuma chai kwa shamba la kampuni, ng'ambo ya mto. Sasa amekata rufaa, na jaji wa Kericho atasikiza mwezi huu. Nusu ya foleni wanasema alipata haki yake, mashine zilichomwa na mdomo ulikuwa wake. Nusu wanasema alifungwa bure kwa sababu alisimama na wachumaji. Njoroge, mwenye duka la dawa za mifugo Litein, alikuja na gazeti la Kiingereza. Akanipa mimi, mwenyekiti wa kituo, nieleze watu. Nikalitazama polepole kama mtu mzima. Nikasema sheria ni jambo zito, nitaeleza siku nikiwa na miwani.

Sina miwani. Macho yangu ni ya mwewe.

Jumatano, 5 mwezi wa sita

Wakili wa Kibet amekuja. Msichana tu, anaitwa Chelangat, viatu vimejaa matope. Alikunywa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, yote bila kukunja uso, kwa hivyo si mtu mbaya. Alisema hukumu yote imesimama juu yangu. Mashahidi wengine wawili hawakufika kortini. Nilijua mimi ni mtu muhimu. Sikujua namna hiyo.

Alitoa ile karatasi ambayo polisi aliandika ushahidi wangu, yenye sahihi yangu. Akauliza kama nilisomewa kabla ya kutia sahihi. Nikamwambia mimi sisomewi, nasoma. Akaniangalia. Akasema shahidi lazima aelewe anachotilia sahihi, na karatasi hii iko kwa Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza ni lugha kama zingine. Akaenda. Aliacha nakala mezani.

Nina hasira. Sijui na nani.

Alhamisi, 6 mwezi wa sita

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu anasoma.

Sijui Kiingereza. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, darasa la ngumbaru, na nilikuwa namba moja. Nasoma Kipsigis. Nasoma Kiswahili na kukiandika, kama hivi. Kanisani mimi ndiye husoma mbele. Watu wakaona hivyo, wakafikiri nasoma kila kitu. Sikuwakataza. Barua za kiwanda zikija kwa Kiingereza naziweka mfukoni, Rael ananisomea jikoni, kesho yake naeleza watu. Miaka tisa hivyo. Hakuna mwenyekiti anaeleza barua kama mimi.

Sasa siku ya mashine. Asubuhi nilikuwa natoka kupeleka maziwa. Nilimwona Kibet kwa geti la kampuni na watu, wakipiga kelele. Hakuna moto. Mashine zilichomwa baada ya chakula cha mchana, mimi nikiwa nyumbani. Nilimweleza polisi hivyo. Aliandika kwa Kiingereza. Sijui kama alichoka au alichanganya maneno yangu na ya mtu mwingine. Alitaka kunisomea kwa Kiswahili, kijana wa adabu. Nikamwambia lete, nasoma mwenyewe. Nikaishika kwa muda ambao mtu husoma ukurasa. Nikageuza. Nikaishika tena. Nikatia sahihi.

Kortini nilisema ilikuwa asubuhi. Kiongozi wa mashtaka akasema karatasi inasema ni alasiri, moshi ukionekana. Akauliza, "Ulisoma kabla ya kutia sahihi?"

Korti ilijaa. Wazee wa kanisa walikuwa pale. Nikasema, "Nilisoma. Kila neno."

Akauliza basi ukweli uko wapi, kwa karatasi ya siku ile ile ama kwa kichwa changu cha leo. Ningesema kichwa, wangeuliza nilikuwa nasoma nini. Nikasema karatasi.

Kibet aliniangalia kutoka kizimbani. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anajaribu kukumbuka.

Jumamosi, 8 mwezi wa sita

Litein, kununua chumvi ya ng'ombe. Dukani kwa Njoroge wanabishana. Njoroge anasema rufaa si kesi mpya. Jaji husoma kilichoandikwa, na imeandikwa shahidi alikubali karatasi, basi imekwisha. Mwalimu mmoja mstaafu akasema hapana, kama ushahidi uliingia vibaya, kesi yote ilikuwa mbaya, hata Kibet akiwa mwizi wa kuku. Njoroge akasema basi kila mfungwa atatafuta mzee wa kuja kusema alisahau. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Niliacha chumvi kwa meza.

Sikumpigia Kibet kura. Anaongea sana. Aliahidi barabara ya kituo na hata jiwe moja hatujaona. Lakini barabara si moto.

Jumapili, 9 mwezi wa sita

Nilisoma vizuri kanisani, sauti ilifika nyuma. Mama yake Kibet alikuwa benchi la pili. Baada ya ibada alinisalimia kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kusoma. Hajui. Ama anajua. Sikula chakula cha mchana.

Jumanne, 11 mwezi wa sita

Rael alichukua ile nakala, akanisomea. Sikumwomba. Alisoma huku akitafsiri, kidole kikifuata maneno. Alifika katikati akasimama.

"Baba Kiptoo, hapa umesema uliona moshi. Uliona?"

Nikasema sikuona. Akakunja karatasi. Akasema amenisomea barua miaka tisa na hajawahi kuona aibu, ila leo. Nikamwambia nikisema ukweli, kituo kitatafuta mwenyekiti mwingine.

"Kitapata," akasema, akaenda kukamua.

Mwanamke mgumu. Mimi ni mgumu zaidi. Nilikaa hapo jikoni mpaka moto ukazimika.

Ijumaa, 14 mwezi wa sita

Nimeenda Kericho kwa ofisi ya wakili. Nilivaa koti la harusi ya mwana wetu Kiptoo, bado linanitosha. Chelangat hakunificha kitu. Alisema nikiapa leo kwamba sikusoma, nitakuwa nimekubali kwamba siku ile nilidanganya korti, na naweza kushtakiwa mimi. Alisema pia watadai nimenunuliwa. Nikamwambia hakuna mtu ana bei yangu. Akasema nirudi nyumbani nifikirie kwanza. Nikasema nimefikiria miezi kumi.

Tuliandika hati ya kiapo. Alinisomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Safari hii nilimwacha asome. Kuna mahali aliandika kwamba mimi ni mzee asiyejua kusoma. Nikamwambia afute, aandike asiyejua kusoma Kiingereza. Akasema ni ile ile. Nikasema si ile ile. Tulibishana sana. Alifuta.

Jumatatu, 17 mwezi wa sita

Habari imefika kabla yangu.  Kituoni karani alikuwa na barua ya kiwanda mkononi. Akaninyooshea, akasita, akampa Njoroge. Njoroge alisoma bila kunitazama. Anasoma haraka na hana maelezo.

Nilitangaza kwamba naacha uenyekiti. Nilisema kwa sauti, kabla mtu hajauliza. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Na Jumapili tutafanya nini nawe?" Nikamjibu kwamba Kipsigis nakisoma kuliko yeye. Hiyo ni kweli. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, ingekuwa afadhali.

Alhamisi, 20 mwezi wa sita

Korti. Walibishana saa nzima kama nisikizwe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Wakili wa serikali alisema shahidi hawezi kurudi mwaka mwingine na hadithi nyingine, kesi hazitaisha. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo. Chelangat alisema mtu hawezi kukaa jela kwa maneno ambayo hata aliyeyatilia sahihi hakuyajua. Jaji, mama mnene mpole, aliandika, akaandika. Kisha akasema nisimame.

Yule wa serikali aliniuliza, "Mzee, mara ya kwanza uliapa unasoma. Leo unaapa husomi. Tuamini uwongo gani?"

Nilifunga vifungo vya koti. Ni baridi ya Kericho. Nikasema, "Amini ule unaoniaibisha. Mtu hadanganyi ili achekwe."

Aliniuliza kama nilipewa kitu. Nikasema nilipewa chai na wakili, ilikuwa nyepesi. Akauliza kama najua Kibet alikuwa wapi alasiri ile. Nikasema sijui. Nilimwona asubuhi. Alasiri simjui. Chelangat alifunga macho kidogo, nafikiri alitaka niseme zaidi. Siwezi. Nimeshasema zaidi mara moja.

Kibet amekonda. Shati lake linaweza kuingia watu wawili.

Jumatano, 26 mwezi wa sita

Hakuna kitu. Nimepogoa mistari mitatu ya chai. Rael ananipikia kama mgeni. Nikisikia pikipiki, nafikiri ni polisi wamenijia. Naogopa. Nimeandika.

Jumanne, 2 mwezi wa saba

Jaji amesoma uamuzi. Hakusema Kibet ni mtu safi. Alisema hukumu haiwezi kusimama juu ya karatasi ambayo mwenye sahihi hakuielewa, na bila hiyo hakuna kingine kinachomweka Kibet pale moto ulipowashwa. Alisema kesi isirudiwe. Atolewe leo. Juu yangu alisema nilifanya kosa kubwa kwa sababu ya kiburi, na ni kazi ya waendesha mashtaka kuamua kama watanishtaki. Neno kiburi alilitaja mara mbili. Nilihesabu.

Mama yake Kibet alikaa sakafuni, akavuta leso usoni. Watu walimwinua. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Njoroge amenikuta barabarani. Anasema Kibet ameokolewa na sheria, hajaokolewa na ukweli. Nikamwambia ukweli nilio nao ni wa asubuhi tu, na nimeutoa wote. Akanipa mkono.

Jumamosi, 6 mwezi wa saba

Chai imeota vizuri baada ya mvua. Kibet alikuja asubuhi, peke yake, kwa miguu. Rael alimpa mursik, akanywa akiwa amesimama. Halafu akavua koti, akachukua kikapu, akaingia mstari ulio kando yangu.

Anachuma vibaya. Anavuta hata majani makubwa ya chini. Nilimwonyesha: mawili na ncha, basi. Akaendelea vile vile. Tulienda mpaka mwisho wa mstari. Hapo akanyoosha mgongo.

"Miezi kumi na moja, mzee."

Nikasema najua.

Hakuniuliza kwa nini. Sikumuuliza alasiri ile alikuwa wapi. Alienda kabla ya saa sita. Nilimwaga majani yake kwa kikapu changu bila kuchagua. Kituoni karani aliyakataa mengi, akaniuliza mzee leo umechuma nini. Sikubishana naye.