Shati Nililolifua

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku, hata mistari miwili, mkono uzoee. Haya, naandika. Kazini leo mashuka ya hospitali, marobota kwa marobota. Pasi moja imeungua, tukabanana kwenye iliyobaki. Mgongo huu!

Lakini silo lililo moyoni. Binti yangu karudi na michubuko tena, safari hii shingoni. Kama alama za vidole — virefu mno. Nimemuuliza, kasema kaanguka. Mtu anaangukia shingo? Akanikumbatia, akala, akalala na viatu. Ana miaka kumi na sita, analala kama mbeba mizigo. Nahisi kuna mwanamume. Nikimjua, nitamwendea na mwiko.

Jumanne, 4 Juni
Nimekuta shati chini ya godoro lake. Lile la shule, la zamani. Jeusi tii! Masizi yamekakamaa, linanuka nywele zilizoungua. Mimi nafua damu za watu na matapishi yao, halafu wangu avae hivi? Watu wakiona watasema mama yake dobi gani.

Nikalibeba kazini, nikalichemsha na magadi, nikasugua kola kwa brashi mpaka vidole vikauma. Ajabu moja: maji machafu yalipoteremka yalilia. Kama paka. Msimamizi kasema bomba limeziba. Labda.

Lakini shati! Jeupe pe! Nimelipiga pasi, nimemwekea kitandani. Nafurahi kama mtoto mdogo.

Jumatano, 5 Juni
Hakunifokea. Bora angefoka. Aliketi, shati magotini.
— Mama, umelifua?
— Nimelifua, mwanangu.
— Lote?
Nikamwambia dobi gani anafua nusu shati. Hakucheka.

Ndipo akasema. Kasema ni mashetani. Yanawaingia watu, hasa watoto. Yanaanza kula sauti, yakishiba sauti yanakula pumzi. Yeye anayaona, na huyapiga. Shetani akishindwa hubaki jivu, na jivu hilo yeye hulipaka shatini. Mashetani wengine wakilinusa hawathubutu kumwingia. Miaka miwili alikuwa analipaka. Jivu lote nimelimwaga mferejini.

Nilishika paji lake la uso nikidhani ni homa. Halikuwa na moto. Kisha nikakumbuka maji yale yalivyolia, nikauondoa mkono.

Mungu nisamehe, natamani ingekuwa ni mwanamume tu anayempiga.

Alhamisi, 6 Juni
Sikula. Nimeunguza shuka la watu.

Ijumaa, 7 Juni
Jirani yetu, fundi cherehani, ana binti mdogo tunamwita Chiriku kwa maneno yake. Huyo huuliza mpaka kuku wanaenda wapi. Leo nimesikia hajasema neno tangu jana. Fundi kasema daktari kampa dawa ya koo.

Mwanangu akaenda kumchungulia mlangoni, mara moja tu. Akarudi, akafunga mlango wetu.
— Yumo, Mama. Mkubwa.
Nikamwambia apake kwanza jivu la wadogo. Kasema wadogo hawapatikani kwa siku moja kama vitumbua, na mtoto hana muda huo. Nikasema huendi. Nimesema huendi! Nimeficha viatu vyake juu ya kabati. Mpumbavu mimi, kana kwamba mtu haendi peku.

Ukutani kwa Fundi kimya. Hata cherehani haisikiki.

Jumamosi, 8 Juni, mchana
Fundi kaja amefunga kitambaa vibaya, macho yamevimba. "Shoga, mtoto anahema kwa shida. Binti yako kanitazama jana kama anajua kitu. Kama anajua, nakuomba." Mdomo wangu ulishakaa tayari kusema hajui chochote. Nikageuka — mwanangu kasimama peku, shati lile jeupe kalivaa.

Nimeteremsha viatu. Nimemfunga kamba mwenyewe, kama alipokuwa chekechea. Kasema, "Mama, unanizuia damu." Basi nikalegeza.

Sasa niko koridoni kwa Fundi. Mwanangu kaingia chumbani na Chiriku, kanipa ufunguo nifunge kwa nje, nisifungue mpaka aseme. Naandika ili mkono uwe na kazi. Fundi kakaa sakafuni anaomba Mungu. Ndani kitanda kinaburutwa. Kioo kimepasuka! Mwanangu anamgombeza: "Huna adabu wewe! Toka kwa mtoto wa watu! Toka!" Sauti yangu kabisa, ya kumgombeza asipoosha vyombo.

Kimya.

Kasema nifungue. Nimefungua. Chiriku katoka kwa miguu yake, anauliza mama analia nini, nani kavunja kioo, na kuna nini cha kula, vyote kwa mkupuo! Fundi kamkumbatia mpaka mtoto analalamika. Ananishika mikono: "Mwanao, jirani! Mwanao!"

Mwanangu hajatoka.

Kasimama katikati ya chumba, kanipa mgongo. Shati jeupe. Sakafu nyeupe. Nimetazama uvunguni, pembeni, kila mahali. Jivu hakuna. Nikamwita. Hakugeuka. Kasema taratibu, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa:
— Mama, toka. Funga kwa nje.
— Jivu liko wapi?
— Funga, Mama. Ningali naweza kusema.

Nimetoka. Nimerudisha mlango, lakini sijafunga. Ufunguo uko tunduni, mkono wangu wa kushoto uko juu yake. Fundi kaacha kushangilia, ananitazama. Namwita mwanangu hapa mlangoni, namwita kwa jina lake la utotoni, na Chiriku ananivuta gauni, anauliza dada anafanya nini humo, anatoka saa ngapi, mbona anaitwa na mama yake haitiki