Mwanangu Kavaa Viatu, Nami Sikuhisi Kitu

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba msaada kabla sijakata tamaa kabisa. Mimi ni msusi, nasukia hapahapa sebuleni, na nina binti wa miaka sita ambaye daktari alisema akili yake itakua polepole kuliko ya wenzake, nami nikakubali, mtoto ni mtoto, basi nikaanza kumfundisha kuvaa viatu, kila asubuhi, ingiza vidole, sukuma kisigino, bandika mkanda, akikasirika anavirusha ukutani, naviokota, tunaanza upya, miezi saba mshauri, mpaka wateja wakawa wananicheka, "Msusi, si umvalishe tu yaishe?"

Wiki iliyopita, nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, mtoto akakaa mkekani akavaa vyote viwili, mwenyewe! Wifi yangu akapiga vigelegele, mteja akainuka na nusu ya nywele wima, akacheza, na mimi sikuhisi kitu, niliwatazama kama mtu anayetazama harusi ya watu asiowajua, nikaendelea kusuka. Hapo nikajiogopa, maana si siku hiyo tu, ni miezi sasa, chakula kwangu ni kama kutafuna karatasi, nikilala natamani kusikuche, baba mtoto akiuliza nasema nimechoka tu, na mama mkwe anasema, "Kwetu hatujapata kuzaa hivi."

Wateja walipoondoka nilikaa sakafuni nikashindwa kuinuka. Binti yangu akaleta ndala zangu, akapiga magoti, akaanza kunivalisha, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto, huku akiniambia maneno yangu mwenyewe: "Polepole, mama. Tena." Mshauri, nilimwogopa, kwa namna ya kumstahi, kama niko mbele ya mtu mkubwa kuliko mimi. Nikalia. Mama asiyemfurahia mtoto kama huyu ana laana gani?

Msusi wa Sebuleni

JIBU

Marahaba, Msusi. Laana hakuna, lifute hilo neno. Unaumwa. Ugonjwa wako unaitwa sonona, na huwapata kina mama wengi wanaolea kama unavyolea wewe. Ndio uliokuibia furaha. Moyo wako ni mzima.

Nimesoma barua za kila rangi, lakini yako niliiweka mezani nikaisoma tena. Miezi saba! Mimi jirani akikaa na sufuria yangu wiki moja namnunia. Na hiyo subira ya binti yako, unadhani kaiokota wapi? Nimewavulia kofia, wewe na yeye.

Sasa nakugombeza. "Nimechoka tu" ndiyo nini? Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo hii mpe mumeo barua hii aisome mwenyewe. Na maneno ya mama yake ayajibu yeye, si kazi yako.

Nilipokupigia jana kwa namba uliyoniandikia, ulilia, kisha ukampa simu wifi yako. Kaniambia, "Mtoto niachie mimi, nilikuwa nangoja kuombwa." Umemsikia? Basi kesho asubuhi funga sebule, mumeo akupeleke kliniki. Mwambie daktari yote, hasa lile la kutamani kusikuche, usilipunguze hata neno. Likirudi wakati wowote, usikae peke yako: mwite wifi, ukimkosa nipigie mimi. Na ukiwa hapo kliniki, uliza kama wanajua kikundi cha kina mama wenye watoto kama wako wanaokutana.

Wateja wakinuna, waache wanune. Nywele zitangoja. Wewe usingoje.