Eti Mimi Si Mwanamke Tena

Jumatatu, Mwello, Uganda. Mvua ilinyesha asubuhi, sasa jua limetoka na ardhi inafuka mvuke. Mimi pia nafuka. Nina hasira tangu jana mchana, na safari hii sina haraka ya kuipoza.

Naandika Kiswahili kama kawaida yangu. Kisamia ni cha mama yangu, Dhopadhola ni ya watu wa mume wangu, na katika lugha zote mbili kuna watu wa kunikanya. Kiswahili nilikiokota sokoni Busia nikiwa msichana, nikiuza samaki wakavu. Hakina wifi ndani yake.

Niseme wazi. Tangu mavuno yaliyopita mwili wangu haunisikilizi. Siku zangu za mwezi huja zinapotaka, zinafuatana, kisha zinapotea mpaka nazisahau. Joto linanipanda kutoka kifuani mpaka utosini hata nikiwa nimekaa kivulini. Juzi nililia kwa sababu chumvi imekwisha. Nilimfokea Baba Achieng, mume wangu, eti anatafuna kwa sauti, na miaka yote hii ametafuna vile vile. Halafu kuna huzuni. Inakuja bila sababu, nakaa jikoni naangalia moto, nashindwa hata kumenya muhogo.

Nilidhani naingia wazimu. Hilo ndilo neno, sitalizunguka.

Aliyenitoa hofu ni Dada Nekesa, muuza vyungu wa soko la Busia upande wa Kenya. Siku hizi za uhuru wameweka kizuizi mpakani na askari wa kukitazama, lakini sisi wenye vikapu tunapita tu, tunasalimiana. Siku hiyo aliniona najipepea na kifuniko cha chungu chake wakati watu wengine wamejifunika kwa baridi. Alicheka mpaka akafuta machozi, mama yule. Kisha akanivuta nyuma ya vyungu akanieleza yaliyompata yeye: joto, kukosa usingizi, kuchukia hata vishindo vya miguu ya wanawe. Akasema si pepo wala si laana ya mtu. Mwili unafunga mlango wa uzazi, na mlango huo hufungwa kwa kelele. Hali yake ilichukua miaka, ikapita. Akanikataza kukaa nayo peke yangu.

Basi kila siku ya soko napanda basi nakwenda. Sasa tuko wanne nyuma ya vile vyungu, wote wa rika moja. Mmoja akilia, wengine wanamuuzia bidhaa zake. Tunasimuliana mambo ambayo mbele ya watu wa nyumbani ningekufa kwanza kuliko kuyasema. Narudi nikiwa mwepesi. Dawa yangu ni hiyo, sijapewa nyingine.

Sasa jana.

Wifi Athieno, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Paya baada ya ibada, akiwa na katekista wao. Nikaambiwa nipike kuku, nikapika. Kwa watu wa mume wangu mwanamke hali kuku. Anamfuga, anampika, anaonja chumvi kwa ncha ya kidole, basi. Wanasema kuku huharibu uzazi. Na firigisi ni ya mwenye nyumba peke yake, hata mtoto wa kiume haigusi bila ruhusa. Nimepika kuku humu tangu nilipoolewa na sikujua paja lake lina ladha gani.

Nikaweka chakula mkekani, nikachukua jagi niwanawishe. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya wifi, maji yanamtiririka mikononi, ndipo akaanza kunisema. Kwamba silali. Kwamba natoka jasho kama mtu wa homa na homa sina. Kwamba nimeombewa na kitu hakijatoka. Kwamba huko sokoni nakaa na wanawake wasiojulikana, na nani ajuaye wananipa nini. Akamgeukia kaka yake.

"Tumbo lake limefunga. Huyu si mwanamke tena. Arudi kwao Busia akapumzike, na hapa tutafute mtu wa kupika."

Mtu wa kupika alikwisha kumpata, binti wa jirani yake huko Paya. Katekista alisogea kidogo aliposikia habari ya mke wa pili, lakini kuku alikuwa mbele yake, macho yakarudi huko. Baba Achieng aliangalia ugali.

Ugali! Nyumba hii nimeisiliba kwa mikono yangu. Humu nimezaa watoto sita, na wawili nimewazika hapo nyuma ya migomba. Nirudi Busia kwa nani? Mama alishafariki. Kaka yangu ana wake wawili na vyumba vimejaa. Kupumzika kwenyewe ni kulala pembeni ya jiko la mtu mpaka nife, nikigombania joto na paka.

Joto likanipanda. Kama lilikuwa la mwili au la hasira sijui, na jana sikujali. Niliweka jagi chini, nikakaa mkekani katikati yao, nikachukua firigisi kwenye sahani ya mume wangu, nikaitia mdomoni.

 Wifi alishika mdomo kana kwamba yeye ndiye anayetafuna. Mimi sikuharakisha. Ni ngumu kidogo, na chumvi niliiweka sawa.

"Wifi," nikamwambia, "umesema mimi si mwanamke tena. Basi miiko ya wanawake hainihusu. Nisogezee na paja."

Alisema nitaleta mkosi. Nikamuuliza mkosi wa uzazi upi, na yeye mwenyewe ametangaza sasa hivi kwamba umefungwa. Katekista akacheka, akajaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi, akachelewa. Hapo wifi akasimama. Akamwambia kaka yake achague, damu yake au mimi, akashika njia bila kuonja kitu. Katekista alimfuata na kipande mkononi. Paja nikalichukua mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kulisogeza. Tamu. Miaka yote hiyo, kumbe tamu namna ile!

Baba Achieng aliwasindikiza mpaka njia kubwa. Nilimngoja mlangoni nimesimama. Nilijua akirudi ataniambia nifunge mzigo au ataninyamazia, na sikujua lipi ni baya zaidi. Kwa hiyo nikaanza mimi. Nilimwambia yote, damu, joto, machozi ya chumvi, kutafuna kwake, zile asubuhi ninazoamka natamani nisingeamka. Sijawahi kusema maneno hayo mbele ya mwanamume.  Yeye aliangalia miguu yake muda wote.

Nilipomaliza akauliza jambo moja tu, hao wanawake wa sokoni wananipa nini.

"Wananiuliza hali yangu," nikamjibu. "Wewe hujaniuliza hata siku moja."

 Alikwenda kufunga mbuzi, na mpaka tunalala hatukuongea tena. Nilimchukia, niseme kweli. Ningejibiwa vibaya ningepata la kushika.

Leo alfajiri alitoa baiskeli aende kazini Tororo, kwenye kiwanda cha saruji. Wakichelewa wanakatwa mshahara, najua, na mvua ilikuwa imeanza. Mimi nilikuwa jikoni nimempa mgongo. Nikasikia magurudumu yamesimama mlangoni.

"Mama Achieng, umeamkaje?"

Neno hilo hapa tunamwambia kila mtu, hata mnunuzi wa ng'ombe, na jibu ni moja: salama. Tena hungoji hata ulisikie, unapita. Yeye hakupita. Alisimama na koti limelowa mabegani, ananiangalia, anangoja.

"Vibaya," nikamwambia.

Akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akakaa.

Hatukusema mengi. Nilimweleza usiku ulivyokuwa, alisikiliza. Aliuliza kama inauma, nikasema haiumi, inachosha. Aliuliza kama itakwisha, nikasema Nekesa anasema itakwisha. Hakunigusa wala hakuahidi kitu, kisha akaondoka akiwa amechelewa. Sijamsamehe kule kuangalia ugali. Hilo bado tunalo.

Na wifi hajamaliza. Mchana huu mtu kutoka Paya amepita na salamu zake, kwamba Jumapili atarudi na wazee wa ukoo. Waje. Nitawaeleza wazi wazi kinachotokea mwilini mwangu, kwa majina yake, mpaka wao ndio waone haya.

Lakini kabla ya Jumapili kuna Alhamisi, na Alhamisi ni soko. Nitakwenda Busia, nitakaa na wenzangu, tutacheka, labda nitalia. Na jioni nitapanda basi nirudi nyumbani kwangu.