Nywila Iliyobandikwa Ukutani

Shoga, kitasa kinatikiswa na umeme umekatika. Nimejificha jikoni na mwanangu.

Ni baba yake, yule tuliyemkimbia. Kanitumia meseji yenye mtaa wetu mpya na namba ya mlango! Anwani hii nimeitaja kwenye ofisi ya serikali tu, nikimwandikisha mtoto shule. Nikajua tumeanza upya.

Anajigamba kaingia kwenye mfumo wao kwa simu yake. Si nilikwambia nywila wameibandika ukutani, foleni nzima inaisoma? Nilipomwambia karani alicheka: "Mama, nani ahangaike na majina ya watoto?"

Nani ahangaike, shoga! Nani ahangaike!

Nipigie polisi, mimi nikiongea atanisikia. Anaita jina la mtoto, kwa upole kabisa.

Mtoto kaniponyoka mkononi. Anamjibu:

"Baba, tuko huku jikoni."