Kibanda cha Kuku Ambacho Sijaenda Kukikagua

Jumamosi, jua limeshazama. Upepo umeanza tena, ule wa kwetu wa miezi hii, unaozoa vumbi barabarani na kulileta mpaka kwenye masufuria. Bati la jiko linagonga. Nimekaa mezani na simu, naandika haya kwa sababu nikiacha kuandika nitanyanyuka, na nikinyanyuka nitatoka nje kwenda kuangalia kama kibanda cha kuku kimefungwa.

Nuru amesema amekifunga. Nuru ni binti yangu. Ana miaka mitano.

Yuko hapa mbele yangu anakula ugali na mlenda, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi zake za siku.

Mwezi uliopita nilianza kujiuliza swali ambalo walimu wenzangu walilicheka: kwa nini mtoto wangu hapendi kunisaidia kazi za nyumbani? Mvivu si mvivu. Alipokuwa na miaka miwili alinifuata na kitambaa kila nilipopiga deki, na nikimnyang'anya alilia. Nilikuwa namwambia, "Nenda kacheze, mama amalize haraka." Akaenda kucheza. Sasa namwita, haji. Ile hamu ilikwenda wapi? Mtu anaizimaje hamu ya mtoto bila hata kujua kwamba anaizima?

Mimi nafundisha kemia, na jambo nisilolielewa nalifanyia majaribio. Nilimchorea nyota ukutani kwa kila kazi aliyoifanya. Nyota hazikumaliza wiki. Nilimwahidi biskuti, akaniuliza kama anaweza kupata biskuti bila kuosha chochote. Nikatunga wimbo wa kufagia uwanja. Wimbo aliupenda sana. Anauimba mpaka leo, akiwa amekaa.

Kisha kukatokea lile la vikombe.

Nilimpa vikombe vya plastiki aoshe. Akaviosha kwa bidii, povu mpaka kwenye viwiko. Alipoingia ndani nikavisuuza upya, maana vilikuwa bado na sabuni. Nilidhani hanioni. Siku nyingine nilipomwita tena kwenye beseni, alisimama mlangoni akanitazama.

"Si utarudia?"

Hakusema kwa hasira. Ni kama alikuwa ananionea huruma, kwamba tutachoka wote wawili bure.

Nilisema nina haraka.

Likizo ilipofika tukaenda Mtinko kwa mama mkwe wangu, kusaidia kupiga alizeti. Baba Nuru alikuwa kazini Manyoni, hivyo tulikuwa mimi na Nuru tu. Huko kuna Zawadi, mtoto wa shemeji yangu, analingana na Nuru kabisa, hata meno yamewang'oka pamoja. Zawadi akiamka anakwenda moja kwa moja kwa kuku. Hakuna anayemtuma. Jioni anawaita, anawaingiza, anawasema waliochelewa, anasukuma komeo, anaondoka. Bibi yake hata hageuki kumtazama.

Hilo la kutogeuka ndilo lililonishika. Nilimfuata mama mkwe kwenye turubai la alizeti, nikachukua fimbo na mimi.

"Mama, Zawadi mlimfundishaje kufunga kuku?"

Alicheka mpaka akaacha kupiga. "Mama Nuru, na hilo nalo lina kufundishwa? Magoti yangu unayaona. Asipofunga yeye, nani atainama pale?"

"Na akisahau?"

"Alishasahau. Kicheche akala vifaranga."

"Mkamfanya nini?"

"Tumfanye nini tena? Alilia. Kesho yake akafunga." Akaanza kupiga tena. "Piga alizeti, mwalimu. Mdomo hautoi mbegu."

Nilibaki na jibu hilo siku nzima, na sitajidanganya hapa, mwanzoni lilinikera. Mtoto mdogo vile abebe kifo cha vifaranga? Mpaka sasa sina uhakika kama ni sawa. Lakini nilianza kuona kitu. Pale, kufunga kuku si zoezi la kumjenga mtoto tabia. Kuku wanahitaji kufungwa, na magoti ya bibi yanauma kweli. Vikombe vyangu vilikuwa zoezi. Nuru alilijua hilo kabla yangu.

Nyumba ile ina desturi moja. Mtoto akishaweza kuwaita kuku wakaja, anapewa kuku wake, na akipewa amepewa. Nilimshuhudia shemeji yangu, mtu mzima na ndevu zake, akichuchumaa mbele ya Zawadi kumwomba jogoo kwa ajili ya wageni wa kanisani. Zawadi alifikiria.

"Huyo hapana. Chukueni yule anayechechemea."

Wakamchukua anayechechemea. Hakuna aliyecheka.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alimpa Nuru mtetea mwekundu na vifaranga wake, kwenye boksi lililotobolewa matundu. Siku zote humtania Nuru kwamba ni mke mwenza wake kwa babu. "Mke mwenza, hii ni mali yako. Mume wetu akitaka supu, aje akuombe wewe." Kisha akanigeukia mimi, na utani ukawa umeisha. "Na wewe Mama Nuru, kuku huyu si wako."

Nilisema asante mama, nikacheka. Sikuelewa kwamba nilikuwa napewa maelekezo.

Tumerudi hapa Unyambwa, kibanda kimejengwa nyuma ya jiko, mlango wa bati na komeo la mti, kimo cha Nuru. Wiki hii jioni alikuwa anafunga yeye. Na kila jioni, akishaingia ndani, mimi nilikuwa natoka kwa kisingizio cha kuanua nguo, naenda kugusa lile komeo. Mara zote lilikuwa limekaa sawa, isipokuwa mara moja, lilikuwa limeingia nusu. Nikalisukuma. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo. Nilijiambia, unaona?

Juzi, nikiwa nimeinama pale na tochi, niligeuka nikamkuta amesimama kwenye kona ya jiko, miguu mitupu. Akarudi ndani.

Jana jioni hakwenda kabisa. Nilipomuuliza alishangaa kidogo, akasema, "Si unafunga wewe?"

Vikombe vilevile.

Leo nimewaza hili tangu asubuhi. Nadhani nilimpa Nuru kazi ya mikono tu, wasiwasi nikabaki nao mwenyewe. Na mtoto asiyekuwa na wasiwasi wowote juu ya kuku, kwa nini akumbuke kuku? Ninapokagua nyuma yake, namwambia bila maneno kwamba asihangaike, mwenye kazi yupo. Lakini nisipokagua na kicheche akaja, atalia kama Zawadi alivyolia, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeacha itokee. Je, ninamlinda yeye, au ninajilinda mimi nisimwone akilia?

Mchana nilimwita nikachuchumaa mbele yake, kama shemeji alivyofanya. Nikamwambia kuanzia leo sitaenda kwenye kibanda chake.

"Hata kicheche akija?"

"Hata akija."

"Hata ukisikia kuku analia?"

"Nitakuamsha."

Alinitazama sana, kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanaosema wamesoma. "Uniamshe kweli lakini. Usiende peke yako."

Nikaahidi. Na ndiyo maana niko hapa, sijui komeo limeingia lote au nusu.

Upepo umezidi. Nimeandika mpaka hapo, Nuru akaacha kutafuna. Akasikiliza. Niliona kwenye uso wake kitu ambacho sijawahi kukiona pale, nikakifahamu mara moja kwa sababu ni changu, nimekuwa nacho wiki nzima.

"Mama, upepo unaweza kufungua mlango wa kuku?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema ngoja mama akaangalie.

"Sijui," nikasema. Na ni kweli sijui.

Alilamba vidole, akashuka kwenye kiti, akavaa kandambili zangu zilizo kubwa kuliko miguu yake, akachukua tochi, akatoka. Nilikaa. Nilimsikia akimgombeza mtetea kwa sauti ya bibi yake, kisha kitu kikaburutwa chini, kikasimama, kikaburutwa tena. Kilichukua muda mrefu. Nimeshika meza muda wote huo, nina aibu kidogo kuandika hivyo, lakini nimeishika.

Amerudi na vumbi kwenye kope.

"Nimeweka na jiwe."

Amepanda kwenye kiti anaendelea na ugali wake, umeshapoa. Bati bado linagonga. Sijamuuliza ni jiwe gani, wala kama ni kubwa vya kutosha. Nitaliona asubuhi, yeye akishatangulia kwenda kufungua.