Baba Mkwe Kifua Wazi

Hedwiga, pokea simu! Simaloi yamemkuta chuoni.

Leo walikuwa na mtihani wa kuchora mwili wa mtu. Kuingia darasani, aliyekalishwa mbele kifua wazi ni baba yake Lesian. Baba wa mchumba wake! Kifua wazi, Hedwiga!

Simaloi kainamisha kichwa mzee amguse utosini, si unajua Wamaasai wanavyowaamkia wakubwa. Mwalimu akafoka, "Mtazame umchore, au nakupa sifuri!"

Kachora huku analia. Mwishoni mzee kamnong'oneza, "Mwanangu, nyumbani wanajua niko mnadani Ngaramtoni. Nifichie." Simaloi kamwapia kabisa kwamba hatasema.

Sasa mwalimu kasema picha yake ndiyo bora, kesho inatundikwa mlangoni kwenye maonyesho.

Na aliyemwalika Lesian aje na mama yake ni Simaloi mwenyewe.