Mpaka Mama Ainuke

Kwako Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi tu wazima, ila macho yetu yamekuwa mekundu kama ya mchomelea vyuma.

Mdogo wetu anaendelea vizuri. Ninamwita Bwana Mkubwa kwa sababu hukunja uso kama meneja aliyecheleweshewa chai. Kulia hachoki. Dawa niliyoipata ni kumsomea. Hadithi hazitaki, anataka kitabu changu cha jiografia, sura ya udongo, na kabla hatujafika kwenye udongo wa mfinyanzi huwa amelala. Usicheke. Sasa naijua sura hiyo kuliko mwalimu, ila darasani nasinzia.

Kilichonichosha hasa ni Mama. Muuguzi amesema mshono wa operesheni unapona, lakini Mama alikuwa analala ameuelekea ukuta. Alimnyonyesha mtoto, na akishiba alinirudishia kama nguo ya mteja iliyokwisha pigwa pasi. Siku moja mtoto alipokuwa analia, Baba alimwomba Mama ampakate kidogo. Mama akajibu apelekwe kwa mama yake, yaani mimi. Baba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilipompokea mtoto alinyamaza papo hapo, na Mama aliona.

Dada, hili sijamwambia mtu. Jumamosi mchana, Baba akiwa kazini, Bwana Mkubwa alianza kulia. Nilikuwa nyuma ya mlango, kitabu mkononi. Sikwenda. Mama aliniita, nikanyamaza. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikawa nang'ata kona ya kitabu. Mwishowe nikasikia kitanda kinalalamika. Mama hakuimba. Alimtajia vipimo, kama anavyofanya na wateja wake: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, akirudia taratibu mpaka kukawa kimya. Nilipochungulia, alikuwa amemzungushia futi ya kushonea tumboni, anamwambia kwamba kiuno hana.

Tangu hapo Bwana Mkubwa hambanduki Mama. Jana nilianza kumsomea udongo, akalia akimtafuta Mama. Ndicho nilichokitaka. Nilikwenda uani kuanua nepi, nikakaa huko muda mrefu kuliko nepi zilivyohitaji.

Mfikishie shemeji salamu zangu. Mama naye anakusalimu. Angeandika mwenyewe, ila mikono yake imejaa.

Mdogo wako,
Miwani